Ziwa Erie: Dola mamia kwa samaki sita, na hesabu inayolinda kazi ya makapiteni

Huko Port Clinton, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani, kila usiku wa mwaka mpya watu hukusanyika katikati ya mji, katika baridi kali, ili kumtazama samaki akishushwa kutoka juu. Samaki huyo ni wa kutengenezwa, ana urefu wa mita 6 hivi na uzito wa kilo zaidi ya 270. Akifika chini, mwaka mpya umeanza. Miji mingine hufyatua fataki. Port Clinton humshusha samaki kwa sababu ndiye anayeulisha mji huo, ingawa sheria ya Ohio imekataza mtu yeyote kumvua katika maji ya jimbo hilo na kumuuza.

Jina lake ni wolai. Wakanada wanaosema Kifaransa humuita doré, kwa rangi yake inayofanana na dhahabu. Wakazi wa Port Clinton na bandari jirani za Marblehead, Huron na Lorain wanaishi kwa kuuza nafasi ya kwenda kumvua. Mamia ya makapiteni wenye vyombo vyao hukodisha siku nzima ziwani kwa wageni wanaotoka mbali. Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie, ambako mtu huingia ziwani usiku ili asubuhi kuwe na kitu sokoni, biashara hiyo inaweza kuonekana kama mchezo wa matajiri. Lakini nyuma yake kuna hesabu ambayo watu wa maziwa yetu wangefaidika kuitazama kwa karibu.

Siku moja ziwani

Mtu mmoja au kundi la marafiki hupiga simu miezi kabla, huchagua tarehe na hulipa sehemu ya pesa. Chombo kizima, mara nyingi chenye urefu wa mita 8 hadi 10, hukodiwa kwa dola kati ya 600 na 1,000, kufuatana na msimu na idadi ya watu. Kapiteni ndiye anayetoa fimbo, uzi, ndoana, chambo na mafuta ya injini. Mteja huleta chakula chake, nguo za baridi na kibali cha kuvua. Safari huanza alfajiri na kwisha mchana. Chombo kikirudi, samaki hupelekwa kwenye nyumba za kusafishia samaki zilizo karibu na bandari, wakakatwa minofu na kuwekwa kwenye barafu. Msaidizi wa kapiteni, aliyeshinda akifungua nyuzi zilizojisokota na kuchomoa ndoana midomoni mwa samaki, hupewa matabishi.

Kuna njia mbili kubwa za kumvua wolai kwenye chombo cha kukodi. Ya kwanza ni kuzima injini na kuacha upepo usukume chombo polepole, huku kila mtu akirusha ndoana yenye mnyoo wa udongo na kuivuta. Ya pili ni kutembeza chombo kwa mwendo mdogo sana, kikiburuta nyuzi nyingi zenye visamaki vya bandia. Vibao vidogo vinavyoelea huvuta nyuzi upande wa kulia na wa kushoto ili zisigongane, na kapiteni hutazama mashine inayopiga sauti chini ya maji na kumuonyesha samaki wako mita ngapi. Nyavu hazitumiki kabisa, isipokuwa kile kikapu cha wavu chenye mpini cha kumuopoa samaki aliyekwisha kushikwa.

Ohio inaruhusu kila mtu samaki 6 kwa siku, na kila mmoja asipungue urefu wa sentimita 38. Aliye mfupi zaidi hurudishwa majini. Tuchukue mfano: kama chombo kimekodiwa kwa dola 720, na watu sita wote wamefikisha kiwango chao, watarudi na samaki 36. Kila samaki amegharimu dola 20, kabla ya kuhesabu hoteli, kibali na mafuta ya gari. Hakuna soko la samaki kwenye ziwa hilo ambalo lingempa mvuvi bei hiyo kwa samaki wa kilo moja au mbili. Tena siku nyingine wageni hurudi na samaki wachache, na bado wamelipa.

Samaki wa macho ya usiku

Anachokipenda mgeni kwa wolai ni nyama. Ni nyeupe, ngumu kidogo, haina harufu kali, na miiba yake huondolewa kwa urahisi. Mlaji wa sangala wa Tanganyika angeielewa mara moja. Samaki huyu ana meno makali na macho makubwa yanayong'aa kama ya paka yakimulikwa na taa. Ndani ya jicho kuna utando unaorudisha mwangaza, na kwa hiyo huona vizuri katika giza na katika maji machafu, wakati samaki wadogo anaowawinda hawaoni vizuri. Ndiyo maana saa za alfajiri na za jioni huwa nzuri kwa wavuvi. Mkubwa kuliko wote aliyeandikwa katika daftari la Ohio, aliyevuliwa mwaka 1999, alikuwa na kilo 7.3.

Mwezi wa 3 na wa 4, barafu ikiisha kuyeyuka, wolai hukusanyika kwenye miamba ya upande wa magharibi wa ziwa na katika mito ya Maumee na Sandusky ili kutaga. Jike moja kubwa laweza kutaga mayai mamia ya maelfu. Baadaye, maji yanapopata joto, wengi wao husafiri kuelekea mashariki, kwenye maji ya kina na ya baridi. Makapiteni huwafuata: mwezi wa 5 wako karibu na Port Clinton, mwezi wa 8 wengine wamehamishia vyombo vyao mbali, upande wa Cleveland na zaidi.

Kapiteni na watu sita

Katika Kongo, ukisema kapitene karibu na ziwa au mto, mtu anafikiri samaki. Huko Erie ni mtu, na si kila mtu anaweza kujiita hivyo. Anayetaka kubeba abiria wa kulipa lazima apate cheti cha askari wa ulinzi wa pwani wa Marekani. Aonyeshe kwamba amefanya siku 360 juu ya maji, apimwe afya, apimwe kama hatumii madawa ya kulevya, ajue huduma ya kwanza, na afaulu mtihani wa maandishi juu ya taa, alama na sheria za njia za majini. Cheti hudumu miaka 5, kisha hufanywa upya. Juu ya hayo, jimbo la Ohio humdai kibali cha kuongoza wavuvi.

Kwa cheti cha kwanza, ambacho wengi wanacho, haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria 6 wa kulipa. Wakija 7, mmoja anabaki au wanakodi chombo cha pili. Kwa kila mtu aliyemo lazima kuwe na jilé ya kujiokoa.

Sheria hizo zina sababu. Ziwa Erie lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 25,700, yaani karibu mara kumi ya Ziwa Kivu, lakini halina kina. Mahali pake pa chini kabisa ni mita 64, wakati Tanganyika hupita mita 1,400. Upande wa magharibi, ambako wolai ni wengi, kina cha wastani hakifiki mita 8. Upepo ukipiga juu ya maji mafupi kiasi hicho, mawimbi huinuka haraka, yakiwa yamekaribiana na yenye kusimama. Dhoruba kubwa ya kutoka kusini-magharibi yaweza kusukuma maji hadi tofauti kati ya Toledo na Buffalo ikapita mita 2. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kapiteni mwema ni kutazama hali ya hewa na kusema leo hatuendi, hata kama wageni wamesafiri saa 5 kwa gari.

Wasomaji wa Goma hawahitaji kuelezwa thamani ya neno hilo. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova na kujaa watu kupita kiasi kilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa wakingojea ndugu zao, na makumi ya watu wakafa.

Ziwa lililokuwa likifa

Wageni wanaokodi vyombo leo hawafikirii sana kwamba miaka 60 iliyopita ziwa hili lilisemwa kuwa limekufa. Viwanda vya Detroit, Toledo na Cleveland vilimwaga taka zao humo. Maji ya vyoo na ya sabuni yalijaza fosforasi, majani ya kijani yakaota, yakaoza na kumaliza hewa ndani ya maji. Tarehe 22 Juni 1969 mto Cuyahoga, unaoingia ziwani pale Cleveland, uliwaka moto kwa sababu ya mafuta yaliyoelea juu yake.

Samaki walikuwa wamekwisha kulipa. Aina moja ya jamaa wa wolai, mwenye rangi ya buluu, ambaye zamani alijaza nyavu za wavuvi wa nchi zote mbili, alipotea kabisa, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba hayupo tena duniani. Wolai mwenyewe alipungua sana. Kisha, mwaka 1970, zebaki kutoka viwandani iligunduliwa ndani ya nyama ya samaki, na uvuvi wa wolai wa kuuza ukafungwa.

Zebaki ilipopungua, Ohio haikurudisha nyavu kwa wolai. Iliamua samaki huyo abaki kwa watu wa ndoana. Kwa familia zilizokuwa zikiishi kwa nyavu lilikuwa pigo. Wengine walibadili kazi, wengine walibaki na samaki wa aina nyingine wanaoruhusiwa. Wakati huohuo, tarehe 15 Aprili 1972, Marekani na Kanada zilitia sahihi mkataba wa kusafisha maji ya maziwa yao makubwa. Fosforasi ilipunguzwa katika sabuni na katika maji ya miji. Wolai akarudi, na nyuma yake wakaja wageni, hoteli, mafundi wa injini, wauza minyoo na makapiteni.

Ziwa moja, hesabu moja

Ziwa Erie limegawanywa na mpaka. Kusini kuna majimbo manne ya Marekani: Michigan, Ohio, Pennsylvania na New York. Kaskazini kuna jimbo la Ontario la Kanada. Samaki hana pasipoti. Mmoja anayetaga Ohio mwezi wa 4 anaweza kuwa upande wa Kanada mwezi wa 7. Kila upande ukivua kama vile samaki wote ni wake, wanakwisha.

Tangu mwaka 1976, wataalamu wa pande zote hukaa pamoja kila mwaka chini ya tume ya uvuvi ya maziwa makubwa na kupanga idadi ya wolai wanaoweza kuvuliwa. Kabla ya kikao, vyombo vya uchunguzi huwa vimepita ziwani na kuhesabu samaki wachanga na wakubwa. Wafanyakazi wa majimbo husimama bandarini na kuwauliza wavuvi wamepata wangapi, kwa saa ngapi. Idadi ikipatikana, hugawanywa kufuatana na ukubwa wa maji ambamo wolai anaishi: Ohio hupata asilimia 51 hivi, Ontario 43, na Michigan karibu 6.

Idadi hiyo hupanda na kushuka kama samaki wenyewe. Mwaka 2010, baada ya miaka ya mazao mabaya, ilishushwa hadi milioni 2.2. Samaki waliozaliwa mwaka 2015 na 2018 walikuwa wengi sana, na mwaka 2022 kikomo kilifika milioni 14.5. Hakuna kapiteni aliyefurahi mwaka 2010. Lakini wanaojaza vyombo vyao sasa wanavua matunda ya subira ile.

Ajabu yenyewe iko mezani. Upande wa Kanada, nyavu zinaruhusiwa. Katika bandari kama Wheatley na Port Dover, wavuvi wenye vibali wana mgao wao wa wolai, na mgao ukiisha, kazi imeisha. Samaki wao huuzwa hadi Marekani. Kwa hiyo mgeni anayekaa katika mgahawa wa Ohio akitazama ziwa na kuagiza wolai, mara nyingi huletewa samaki aliyevuliwa na Mkanada, kwa sababu yule wa Ohio hawezi kuuzwa. Wavuvi wa ndoana wa Marekani hulalamika juu ya nyavu hizo, na wa nyavu huwajibu kwamba wanavua mgao wao tu. Ugomvi huo ni wa zamani, lakini huamuliwa mezani kwa takwimu.

Risasi ndani ya samaki

Mahali ambapo samaki ameleta pesa nyingi, ujanja nao umefika. Tarehe 30 Septemba 2022, huko Cleveland, wavuvi wawili walileta wolai watano kwenye mizani ya shindano lenye zawadi ya dola zaidi ya 28,000. Msimamizi aliona kwamba samaki wale ni wazito kuliko wanavyoonekana. Aliwapasua mbele ya watu, na ndani mwao zikatoka mipira ya risasi, ile madini nzito, pamoja na minofu ya samaki wengine. Video yake ilizunguka dunia nzima. Mwaka uliofuata wawili hao walikiri kosa mahakamani, wakafungwa siku 10 na kunyimwa kibali cha kuvua kwa miaka 3. Chombo cha mmoja wao, chenye thamani ya dola 100,000, kilichukuliwa.

Makapiteni wengi wa kukodisha hawakuhusika na mashindano hayo, lakini walielewa hatari. Biashara yao yote husimama juu ya imani kwamba samaki huhesabiwa na kupimwa kwa haki.

Bado ziwa halijapona

Mwezi wa 8 mwaka 2014, wakazi karibu nusu milioni wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa muda wa siku 3 hivi. Majani ya kijani yenye sumu yalikuwa yamezunguka mahali mji unapovutia maji ziwani. Safari hii chanzo kikubwa hakikuwa viwanda. Kilikuwa mbolea na samadi za mashamba, zinazoteremshwa na mvua kupitia mto Maumee. Kila kiangazi majani hayo hurudi, mwaka mmoja kidogo, mwingine mengi, na wageni hawapendi kulipa ili kuelea juu ya maji yanayofanana na rangi ya kijani.

Baridi nayo inabadilika. Zamani, kwa kuwa ziwa si la kina, liliganda, na waongozaji wengine walipeleka wateja kuvua kupitia matundu ya barafu. Katika baridi ya mwaka 2023 kuingia 2024, barafu karibu haikuonekana, na kazi hiyo haikuwapo.

Kwa Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi katika miji ya eneo hilo, kama Buffalo, Erie na Cleveland, ziwa liko karibu na huwakumbusha nyumbani. Lakini sheria huwahusu pia. Katika Ohio, mtu mwenye miaka 16 au zaidi lazima anunue kibali kabla ya kutupa ndoana, hata akiwa ufukweni, na samaki aliyemvua ni wa kula nyumbani au kumpa rafiki. Akimuuza jirani, amevunja sheria.

Kinachoweza kuvuka na kisichoweza

Haitakuwa haki kusema Kivu ifanye kama Erie. Katika Ohio, mtu akikosa wolai anakula kuku. Pembeni ya maziwa yetu, sambaza na ndagala ndiyo nyama ya maskini, na anayefungiwa ziwa anafungiwa chungu. Mtu anayetoka Chicago na dola 800 za kuchezea hawezi kuchukua nafasi ya soko la Kalemie. Tena uamuzi wa Ohio uliwaumiza wavuvi wake wenyewe, na nchi yenye kazi nyingine za kuwapa.

Lakini kuna sehemu isiyohitaji utajiri wa wageni: kuhesabu pamoja na kugawana kabla ya kuvua. Ziwa Tanganyika lina mkataba wa nchi nne uliotiwa sahihi mwaka 2003 na ofisi yake iko Bujumbura. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Kufunga ni hatua, ila kuna maana kamili tu pale ambapo mtumbwi wa ng'ambo nao umefungwa, na mwenye mtumbwi ana cha kula. Katika Ziwa Edward, wavuvi Wakongomani wamekamatwa mara kwa mara na askari wa Uganda kwa kuvuka mpaka usioonekana juu ya maji. Katika Kivu, malalamiko kama hayo husikika kati ya Kongo na Rwanda.

Kwenye Erie, mvuvi wa Ohio na mvuvi wa Ontario hawapendani sana. Mmoja huona wavu wa mwenzake kuwa wizi, mwingine huona ndoana kuwa mchezo wa watu walioshiba. Hata hivyo, kila mwezi wa 3 wanangojea idadi moja, iliyotokana na samaki walewale waliohesabiwa na pande zote, na kila mmoja anajua sehemu yake kabla injini haijawashwa.